Kupasha Nyumba Joto Bila Kuhatarisha Uhai

(Hotuba iliyotolewa msikitini mbele ya jamaa wa nyanda za juu za kusini, kabla ya kuingia majira ya kipupwe)





Mada niliyopewa kuizungumzia leo ni joto la nyumba. Huenda baadhi yetu wakastaajabu kwamba mambo ya kuni, mkaa na nguvu ya jua yameletwa msikitini. Lakini wanazuoni wetu wamehesabu hifadhi ya nafsi kuwa miongoni mwa makusudio makuu ya sheria, na katika nyanda hizi za Njombe, Makete na Mufindi baridi ya Juni na Julai huwafikisha watu mahali ambapo katika kutafuta joto hujitafutia mauti. Basi sitazungumzia starehe. Nitazungumzia watu wanaolala wakiwa wazima, nao wasiamke kwa alfajiri.

Jambo ninalotaka tuondoke nalo ni moja: kila nishati ina kazi yake. Kuni kavu, katika jiko lenye dohani, kazi yake ni kupasha chumba. Jua kazi yake ni kupasha maji na kutoa mwanga. Ama jiko la mkaa, halina kazi yoyote katika chumba cha kulala.

Moto usiotoa moshi

Wengi wetu huuogopa moshi wa kuni kwa kuwa unaonekana, unawasha macho na kukohoza. Mkaa ukishawaka na kuwa mwekundu hauna moshi, na kwa sababu hiyo watu hudhani kuwa ni moto salama. Huliingiza jiko chumbani, wakafunga mlango, wakaziba kwa nguo upenyo ulio chini ya mlango ili baridi isiingie, kisha wakalala. Mama aliyejifungua naye huwekewa jiko chumbani, pengine chini ya kitanda, kwa nia njema ya kumpa joto yeye na mtoto wake.

Ndugu zangu, mkaa unaowaka katika hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Hivyo damu huendelea kuzunguka lakini haina inachokibeba cha kuupa uhai ubongo na moyo. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Aliye macho anaweza kuzitambua akatoka nje. Aliyelala hazimwamshi, usingizi wake huzidi kuwa mzito mpaka umauti ukamkuta. Mtoto mchanga, na yule aliye bado tumboni, hudhurika zaidi.

Mkimkuta mtu katika hali hiyo, fungueni milango na madirisha, mtoeni nje penye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali haraka ili apewe oksijeni. Msipoteze muda kutafuta maziwa ya kumnywesha. Maziwa hayaondoi gesi hii katika damu, na aliyepoteza fahamu anaweza kupaliwa nayo.

Wala moshi unaoonekana si wa kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani itokanayo na moto wa kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wa hayo. Miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka 5. Mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Lakini mkakati huo, kama jina lake lilivyo, ni wa kupikia. Sisi wa nyanda za baridi tuna haja ya pili ambayo watu wa pwani hawanayo. Mtu anaweza kununua mtungi wa gesi kwa ajili ya sufuria, na usiku ukiingia akawasha mkaa kwa ajili ya joto. Aidha, jiko la gesi nalo lisigeuzwe kuwa la kupasha chumba kilichofungwa.

Hesabu ya joto

Wapo vijana wanaosema: "Tuachane na kuni kabisa, tununue sola." Nia yao ni njema, lakini hebu tuipime kwa kipimo ambacho sote tunakifahamu, nacho ni uniti ya umeme tunayoinunua.

Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina joto la uniti 4 hivi. Paneli ya jua ya wati 100, katika siku njema ya nchi yetu, hutoa takriban nusu ya uniti kwa siku nzima. Maana yake ni kwamba paneli hiyo itafanya kazi siku nane ili kupata kile kilichomo katika kilo moja ya kuni. Chumba cha kawaida wakati wa baridi huhitaji kama uniti moja kwa kila saa. Kukipasha kwa saa nne za jioni ni uniti 4. Kwa paneli za namna hiyo zitahitajika nane au tisa, pamoja na betri kubwa ya kuhifadhi nguvu hiyo mpaka usiku. Jiko zuri la kuni lenye mlango na dohani, linaloacha chumbani asilimia 70 ya joto lake, litafanya kazi ile ile kwa kilo moja na nusu ya kuni kavu.

Basi anayenunua paneli moja akitegemea itampasha joto ataipoteza fedha yake, kisha atairudia jiko la mkaa.

Na mkaa je? Kilo moja ya mkaa ina joto la uniti 8 hivi, na hapo ndipo unapowavutia watu. Lakini katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo hiyo moja imekula kilo 5 hadi 10 za kuni. Yaani zaidi ya nusu ya joto la mti imepotelea porini kabla gunia halijafika sokoni. Mwenye kuni kavu na dohani huupata mti wake karibu wote. Mwenye mkaa hununua masalio yake, na juu ya hayo huiingiza ile gesi chumbani. Israfu na hatari vimekutana mahali pamoja.

Kuni kavu na njia ya moshi

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiuingiza motoni, joto hutumika kwanza kuyachemsha na kuyafukuza maji hayo, na kilichobaki cha kukupasha wewe ni kama uniti 2 tu kwa kilo. Moto wake ni wa uvivu, moshi wake ni mwingi, na ndani ya dohani huacha utomvu mweusi ambao siku moja unaweza kushika moto ukaunguza paa.

Kwa hiyo kuni za kipupwe kijacho hukatwa kipupwe hiki. Zichanjwe, maana gogo zima halikauki upesi. Zipangwe juu ya vipande vya mti au mawe zisiguse ardhi, zifunikwe juu tu, na ubavuni ziachwe wazi upepo upite. Zikaushwe katika miezi ya kiangazi, kisha zihifadhiwe chini ya paa wakati wote wa masika. Utazijua zimekauka kwa kuwa ncha zake zimepasuka, ganda linaachia, na ukigonganisha vipande viwili hutoa sauti kali. Kuni mbichi zikigongana sauti yake ni nzito.

Ama njia ya moshi, watu waliotutangulia walilifahamu jambo hili. Katika hamamu za miji ya Kiislamu, kama zile za Fes nchini Morocco, moto huwashwa katika tanuri lililo nje ya vyumba vya kuogea. Joto hupita chini ya sakafu na kupasha maji, na moshi hutoka kwa njia yake ndani ya ukuta. Waogaji hupata joto wasiuone moto wenyewe. Na nchini Sweden, mwaka 1767, wakati kuni zilipokuwa zikiadimika, Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede walitengeneza jiko kubwa la matofali ambalo ndani yake moshi hupanda na kushuka katika mifereji kabla ya kutoka. Matofali hulinyonya joto la moto mkali wa muda mfupi, kisha huliachia polepole kwa saa nyingi. Watu hulala moto ukiwa umeshazimika, na ukuta bado una joto.

Mafundi wetu wa matofali hawashindwi na kazi ya namna hii wakifundishwa. Mambo ya kuzingatia si mengi. Mahali pa moto pajengwe kwa matofali yanayostahimili moto na pawe na mlango, kwa kuwa tundu la moto lililo wazi ukutani, kama yale ya nyumba za walowezi wa zamani, hupeleka sehemu kubwa ya joto angani. Bomba la chuma la tabaka moja likae mbali na mbao kwa kiasi cha sentimita 45, na linapopita katika paa lisiguse boriti. Kichwa cha dohani kiuzidi mgongo wa paa kwa sentimita 60 hivi, ili upepo usiurudishe moshi ndani. Chumba kiwe na tundu dogo la kuingizia hewa. Na dohani isafishwe kila mwaka kabla ya baridi kuanza. Majivu yatiwe katika debe la bati na kuwekwa nje, kwa sababu makaa yaliyojificha ndani yake bado hutoa ile gesi.

Nyumba yenyewe

Ndugu wapendwa, kuongeza moto katika nyumba inayovuja joto ni sawa na kutia maji katika mtungi uliotoboka. Hewa ya moto hupanda juu, na nyumba nyingi kwetu zina bati tupu bila dari. Dari, hata iwe ya mbao nyepesi, huzuia joto zaidi kuliko kuongeza mzigo wa kuni. Pazia zito dirishani usiku na kuziba nyufa za mbao za mlango navyo husaidia, maadamu lile tundu la hewa halizibwi.

Aidha, katika nchi yetu kibla kiko upande wa kaskazini, na katika miezi ya Juni na Julai jua la mchana nalo huwa upande huo huo. Kwa hiyo ukuta wa nyumba ulio upande wa kibla ndio unaopokea jua la kipupwe. Anayejenga na aweke humo madirisha ya vioo na sebule. Aliyekwisha kujenga afungue mapazia ya upande huo mchana na kuyafunga jua linapopungua. Joto hilo halina bei.

Kazi ya jua

Je, nimeidharau nguvu ya jua? Hasha. Nimekataa tu kuipa kazi isiyoiweza, ili tuipe ile inayoiweza.

Kazi yake ya kwanza ni maji. Paneli ya umeme huchukua kama sehemu moja kwa tano ya nguvu ya jua. Sahani ya kupashia maji, yenye mabomba meusi chini ya kioo, huchukua nusu au zaidi. Sahani ya mita mbili za mraba katika siku yenye jua la kutosha inaweza kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 15 hadi zaidi ya nyuzi 50, tena bila pampu, kwa sababu maji yakipata moto huwa mepesi na kupanda yenyewe katika tangi lililo juu. Kupasha maji hayo juu ya mafiga, ambapo si zaidi ya asilimia 15 ya joto inayoingia katika sufuria, kungehitaji kama kilo 7 za kuni kavu au zaidi.

Tazameni basi msikiti wetu. Wazee wanatawadha alfajiri kwa maji yanayokata vidole. Tangi lililovikwa vizuri hulihifadhi joto la mchana mpaka alfajiri, na sahani moja au mbili juu ya paa hili zingewafaa. Tahadhari ni mbili. Huko Makete, ambako sakitu huanguka na maji huganda, mabomba yawe ya aina iliyokingwa dhidi ya kuganda, la sivyo yatapasuka. Na maji ya nyuzi 50 huunguza watoto. Yachanganywe na ya baridi kabla ya kufika bombani.

Kazi ya pili ni mwanga. Paneli ile ile ya wati 100, iliyoshindwa kupasha chumba, huwasha taa nne za wati 5 kwa saa tano na kuchaji simu za nyumba nzima, na bado ikabaki na akiba. Hiyo inatosha kuondoa kibatari, ambacho moshi wake husogezwa karibu kabisa na pua ya mtoto anayesoma. Wenye betri za asidi wasiziache zishuke chini ya nusu, maana hufa mapema.

Palipo na mito nayo maji huweza kazi kubwa zaidi. Huko Mufindi mtambo wa Mwenga, wenye nguvu ya megawati 4, ulianza kutoa umeme mwaka 2012 na kuvifikia vijiji vya jirani. Lakini mtambo kama huo ni kazi ya wengi. Sahani ya maji na dohani ni kazi inayowezekana kwa nyumba moja au jamaa mmoja.

Deni la mti

Anayechoma kuni anadaiwa miti. Miwati, ambayo watu wa Njombe wameizoea, huvunwa katika miaka 7 hadi 10, kuni zake ni nzuri na mizizi yake huirutubisha ardhi kwa naitrojeni. Lakini husambaa yenyewe, basi isimamiwe isiingie katika mashamba na mbuga za watu. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi kwa kuwa hunywa maji mengi. Anayepanda kila mwaka sehemu moja kwa nane ya shamba lake la kuni, na kuvuna ile iliyofikia miaka minane, hataingia katika msitu wa Serikali wala hatamtuma mkewe na binti zake kutembea masafa kutafuta vijiti. Nasi tumefundishwa kwamba kupanda mti ni sadaka ambayo thawabu zake haziishi upesi.

Asiyekuwa na uwezo

Najua swali lililomo vifuani mwa baadhi yenu: "Mjane anayeishi chumba kimoja, mwenye jiko moja la mkaa, atayapata wapi matofali na dohani?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza haihitaji fedha. Jiko liwashiwe nje mpaka likolee. Likiingizwa, dirisha na mlango viachwe na upenyo, na watu wawe macho. Kabla ya mtu wa kwanza kulala, jiko litolewe nje, hata kama makaa yanaonekana kufifia, kwa maana makaa yanayofifia nayo bado hutoa ile gesi. Kitandani itumike mifuko ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Watoto walale pamoja. Mtoto mchanga awekwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakifunikwa pamoja. Hilo ni joto alilolijaalia Mwenyezi Mungu, nalo halina gesi.

Sehemu ya pili ni juu yetu sisi tulio hapa. Kila jamaa ina mafundi, ina wenye mashamba ya miti, ina wenye bati na mabomba yaliyobaki katika ujenzi. Napendekeza kwamba kabla ya Juni tuzijue nyumba za jamaa yetu zinazolala na mkaa, na tuanze na zile zenye watoto wachanga, wajane na wagonjwa. Fundi atoe siku moja, mwenye mali atoe bomba, vijana wachanje kuni. Tukifanikiwa nyumba tano kwa mwaka huu, ni familia tano ambazo hatutazisomea Yasini kwa sababu ya jiko.

Kwa hakika moto ni neema, na jua ni neema, na mti ni neema. Lakini neema ni amana, na kila mwenye nyumba ni mchunga atakayeulizwa juu ya wale anaowachunga. Jioni ya leo, kabla hatujafunga milango yetu, kila mmoja na aangalie jiko liko wapi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na watoto wetu, awarehemu waliotutangulia kwa sababu ya jambo hili, na atuwezeshe kuyatenda tuliyoyasikia. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.